Ripoti ya fildi niliyoiandika mara mbili

Wiki 8 za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, zilipita salama. Kilichonitoa jasho ni ripoti iliyofuata. Niliiandika mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza ilinichukua siku 3, ikarudishwa. Mara ya pili ilinichukua wiki mbili na nusu, usiku usiku, wenzangu wakiwa wameshakabidhi zao na masomo ya muhula mpya yameanza. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayekwenda fildi sasa, na zaidi kwa yule aliyekwisha rudi na logibuku, lile daftari la kuandikia kazi za kila siku, lenye kurasa nyeupe.

Nilikuwa nasomea ununuzi na ugavi, nikapangiwa stoo ya vifaa tiba. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea mizigo na kuilinganisha na hati, kuipanga rafuni, kutoa vifaa kwa idara zilizoomba, kuandika leja, yaani daftari la vinavyoingia na vinavyotoka, na kuhesabu mali. Aliyenipokea alikuwa mtunza stoo wa siku nyingi, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu pale alimwita Mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao sikuujua thamani yake mpaka nilipokaa kuandika.

Kosa langu la kwanza lilianza wiki ya pili. Wiki ya kwanza nilijaza logibuku kila jioni, kwa mwandiko mzuri, maana kila kitu kilikuwa kipya. Baadaye kazi zikaanza kufanana, nikajiambia kwamba nitajaza Ijumaa. Ijumaa ikawa mwisho wa mwezi. Wiki ya 7 ndipo nilipokumbuka kwamba logibuku linahitaji saini kila wiki, nikaketi kujaza siku 25 kwa mkupuo. Unajua nilichoandika? "Nilisaidia kazi za stoo." Mstari wa chini yake: "Niliendelea kusaidia kazi za stoo." Nilijilazimisha kukumbuka Jumanne ya wiki ya 4 ilikuwaje, sikuambulia kitu. Siku nzima ya maisha yangu ilikuwa imefutika.

Baadaye nilisoma kuhusu Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau huondoka mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Kwa hiyo kinachobaki mpaka Ijumaa ni mabaki tu. Mimi nilisubiri wiki 5.

Ningekuwa naanza upya leo, ningeandika mistari 4 kila siku kabla ya kutoka kazini, hata kwa penseli, hata kwenye simu: nimefanya nini kwa mikono yangu, kwa idadi, nimeona nini nisichokitarajia, nani kanieleza nini, na swali gani sijapata jibu lake. Huo mstari wa mwisho ndio wenye mali nyingi kuliko yote. Swali uliloandika Jumatatu likijibiwa Alhamisi, umeshapata aya nzima ya ripoti bila kuhangaika. Idadi nayo isikupite. Ukiandika "nilipokea mzigo", ukija kuandika ripoti hutakuwa na la kusema. Ukiandika "nilipokea katoni 14, hati inasema 15, dereva akasaini kwamba moja imepungua", umeshapata kisa, utaratibu na ushahidi kwa pamoja.

Sasa nieleze jambo nililolificha, maana ndilo lililokuja kuiokoa ripoti.

Wiki ya 6 tulihesabu mali. Nilipewa rafu ya glavu. Leja ilisema boksi 157. Rafuni nilihesabu 148. Nikahesabu tena, 148. Nikashusha kila kitu sakafuni, nikahesabu mara ya tatu, 148. Zimepungua boksi 9.

Darasani tulifundishwa kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9, chunguza kwanza kama kuna tarakimu zilizobadilishana nafasi: mtu alitaka kuandika 54 akaandika 45. Ni kanuni ya kweli, nami nilikuwa nimeikariri vizuri. Nikajaa furaha kwamba nimepata nafasi ya kuitumia. Kwa siku 2 nilipitia leja mstari kwa mstari, nikilinganisha kila kiasi na hati yake ya kutolea vifaa, nikitafuta tarakimu zilizopinduka. Sikupata hata moja. Siku ya pili jioni nilishaanza kuwaza wizi, na nikaanza kuwaza ni nani.

Mama alikuja akasimama karibu yangu, akaangalia leja bila kuigusa.

"Katoni moja ya glavu ina boksi ngapi, mwanangu?"

"Kumi, Mama."

"Mtu akija kuchukua katoni moja, ukamwandikia moja, leja itapungua ngapi?"

"Moja."

"Na rafu?"

Sikujibu. Rafu inapungua 10, leja inapungua 1, tofauti ni 9. Nikarudisha kurasa mpaka nikaukuta mstari wenyewe. Wiki ya 3, safu ya vilivyotoka, imeandikwa 1. Nikachukua hati yake: "katoni 1". Mwandiko wa kwenye leja ulikuwa wangu. Hata namba moja yenyewe ilikuwa na kile kikofia ninachokiweka juu tangu nikiwa mdogo.

Mama hakunigombeza. Alinionyesha namna ya kusahihisha leja bila kufuta: unapiga mstari mmoja juu ya kilichokosewa ili kiendelee kusomeka, unaandika kiasi sahihi pembeni, unaweka tarehe na saini. Mimi nilichobeba moyoni siku ile ni aibu, tena nzito, kwa sababu nilikuwa nimemshuku mtu mwingine kwa kosa langu mwenyewe. Nikaapa kwamba tukio hilo halitaonekana popote kwenye ripoti yangu. Nilihofia kwamba chuo kikijua, watanishusha alama.

Ripoti ya kwanza niliiandika kama nilivyoona wengi wakiandika. Nilichukua ripoti ya mtu wa mwaka uliotangulia, nikafuata vichwa vyake. Kurasa 11 zilikuwa historia ya taasisi, dira, dhamira na mchoro wa uongozi, karibu zote nimezitoa kwenye vipeperushi vyao. Kurasa 6 zilikuwa maana ya ununuzi, maana ya ugavi, umuhimu wa stoo. Sehemu ya kazi nilizofanya ilikuwa kurasa 4, na ndani yake mimi sikuwemo. "Mali zilipokelewa." "Leja iliandikwa." "Changamoto zilijitokeza." Nani alipokea? Nani aliandika? Nilidhani lugha ya namna hiyo ndiyo ya kitaalamu. Kumbe ilikuwa pazia tu la kujifichia.

Chuo kiliipitisha kwenye programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa. Ile historia ya taasisi yote iliwaka rangi. Msimamizi wangu wa chuo akaniita ofisini.

Nilikwenda nimejiandaa kutetea. Hakuniuliza habari ya kunakili. Alifunika ripoti, akaisogeza pembeni ya meza, akasema, "Nisimulie siku moja tu. Siku unayoikumbuka kuliko zote."

Sijui ni kwa nini nilisema ukweli. Pengine nilikuwa nimechoka. Nikamsimulia habari ya boksi 9, kanuni ya darasani, siku 2 za kutafuta kisichokuwepo, swali la Mama, na mwandiko wangu kwenye leja. Nilipomaliza sauti ilikuwa inatetemeka. Akanisukumia ripoti. "Hii uliyonisimulia iko ukurasa wa ngapi?"

Haikuwepo ukurasa wowote.

Alinieleza kwamba utaratibu wa kuchanganya masomo na kazi ulianza nchini Marekani mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, chini ya mhandisi Herman Schneider, aliyeamini kwamba kuna mambo ya taaluma ambayo mwanafunzi hawezi kuyapata akiwa darasani tu. "Kama ungeweza kuandika ripoti hii bila kutoka chumbani kwako," akasema, "basi si ripoti ya mafunzo." Nilirudi hosteli nikalia. Kisha nikafungua faili jipya.

Kilichonisaidia kuanza upya ni mzunguko wa tafakuri wa Graham Gibbs, wa mwaka 1988, ambao msimamizi aliniandikia kwenye kipande cha karatasi. Una hatua 6: nini kilitokea, ulihisi nini, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, kwa nini ilikuwa hivyo, umejifunza nini, na safari nyingine utafanyaje. Nilichukua matukio 4 ya fildi nikayapitisha humo. Hatua ya kwanza iliniwia rahisi. Ya pili ilinipa taabu, maana sikuzoea kuandika hofu na aibu kwenye karatasi ya chuo, na nashauri hapo utumie sentensi mbili tatu tu kisha uende mbele. Ya nne ndiyo iliyonilipa. Kwa nini niliandika 1? Nilipojiuliza kwa dhati niligundua kwamba leja haikuwa na safu ya kipimo. Kulikuwa na tarehe, namba ya hati, vilivyoingia, vilivyotoka na salio. Hakuna mahali palipomlazimisha mwandishi aseme kama hiyo moja ni boksi au katoni. Mtu mgeni angeweza kukosea pale pale nilipokosea. Na kwa nini nilipoteza siku 2? Kwa sababu kanuni ya 9 inakuonyesha pa kuanzia kutafuta, nami niliichukua kama jibu. Hapo nadharia na kazi zikakutana mbele ya macho yangu, na hicho ndicho kile kipengele cha "uhusiano kati ya nadharia na vitendo" ambacho mara ya kwanza nilikijaza kwa maneno matupu.

Sura ya mapendekezo nayo ikabadilika yenyewe. Awali nilikuwa nimeandika kwamba taasisi iongeze bajeti, iongeze watumishi, inunue vifaa vya kisasa. Mapendekezo ya namna hiyo yanafaa kila mahali, kwa hiyo hayamsaidii yeyote. Safari hii niliandika mawili: leja iongezwe safu ya kipimo, na kila rafu ibandikwe karatasi inayosema katoni moja ina boksi ngapi. Nikaeleza nani anaweza kuyafanya na kwamba yanahitaji karatasi, rula na kalamu. Pendekezo likiwa dogo kiasi cha kuweza kufanyika kesho asubuhi, msomaji anajua ulikuwepo.

Historia ya taasisi niliibana ikawa nusu ukurasa, kwa maneno yangu. Maana za darasani nilizitawanya: kila moja niliipeleka pale tukio lilipoihitaji. Nikaanza kuandika "nilipokea", "nilikosea", "niliuliza". Vyuo vingine havipendi nafsi ya kwanza, kwa hiyo soma mwongozo wenu kabla ya kuandika neno lolote. Wetu uliiruhusu tangu mwanzo. Ulikuwa na kurasa 9 tu, nami sikuusoma mpaka niliporudishiwa kazi.

Kuna hatari moja ambayo nusura inifikishe pabaya. Kwenye viambatisho nilikuwa nimeweka picha za hati za kutolea vifaa, nikiona ndizo ushahidi bora. Zilikuwa na majina ya watumishi, saini zao na bei za wauzaji. Sikuomba ruhusa ya mtu. Ripoti hukaa maktaba, husomwa na yeyote, na imani uliyopewa kazini haiishi siku unapoondoka. Niliandika barua ya kuomba idhini, nikaruhusiwa hati mbili tupu zisizojazwa. Kama ni lazima ufiche maneno, usiridhike na kuweka kiboksi cheusi juu yake kwenye kompyuta, kwa sababu mara nyingi kiboksi hicho huondolewa na maandishi yakabaki chini yake. Chapa karatasi, ziba kwa kalamu nzito, kisha itoe nakala ile iliyozibwa na uhakikishe haisomeki hata ukiiinua kwenye mwanga.

Saini zilinigharimu nauli na siku. Logibuku langu lilikuwa na saini za wiki 1 tu. Niliporudi stoo kuomba nyingine, Mama alikuwa likizo, na aliyekaimu alikataa kusaini kazi ambayo hakuishuhudia. Alikuwa sahihi kabisa. Nilisubiri siku 12. Mama aliporudi hakutaka kusaini mistari ya "nilisaidia kazi za stoo" mpaka tukae pamoja na hati za miezi ile, tukumbuke siku kwa siku kwa kufuata tarehe zake. Tulikaa alasiri mbili. Siku ambazo hazikuwa na ushahidi tuliandika wazi kwamba kumbukumbu hazikuwekwa. Niliogopa kwamba zitanishushia alama, lakini kubuni kungekuwa kumtia yeye matatani kwa saini yake. Basi saini chukua kila Ijumaa, muhuri uombe wiki moja kabla ya kuondoka, na fomu ya tathmini usiiache mezani kwa mtu bila kuuliza lini uifuate.

Mambo ya kompyuta nitayapitia haraka. Vichwa vya sura viweke kwa mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu ya kuandikia, yaliyomo yatajipanga yenyewe na namba za kurasa zitafuata kila unapobadilisha. Mimi niliyapanga kwa mkono kwa nukta nukta, na kila nilipoongeza aya yote yaliharibika. Kurasa za mwanzo, yaani shukrani, yaliyomo na muhtasari, kwa kawaida hupewa namba za Kirumi, na 1 huanzia sura ya kwanza. Muhtasari uandike mwisho, ukishajua umesema nini. Na usiiweke kazi kwenye flashi peke yake. Yangu iligoma kufunguka ikiwa na sura mbili za rasimu ya pili, nikaandika upya kutoka kichwani. Tangu hapo kila usiku nilijitumia nakala kwa barua pepe, yenye tarehe kwenye jina la faili.

Nilikabidhi rasimu ya pili nikiwa nimechelewa, na alama za kuchelewa zilikatwa. Mtihani wa mdomo ulidumu dakika 20, na zaidi ya nusu yake tulizungumza habari ya boksi 9. Hakuna aliyeniuliza dira ya taasisi.

Baada ya wiki chache nilimpelekea Mama nakala. Alivaa miwani, akasoma amesimama, kidole kikifuata mstari, kama anavyosoma hati za mizigo. Alipofika kwenye kisa cha glavu alitabasamu bila kusema kitu. Kurasa mbili mbele akasimama. Nilikuwa nimeandika kwamba stoo nzima huhesabiwa kila mwezi.

"Si nzima," akasema. "Kila mwezi tunahesabu vinavyotoka sana. Vingine ni kila baada ya miezi mitatu. Wewe uliwahi ule mwezi wa kuhesabu vyote."

Nilidhani najua, kwa sababu niliona mara moja. Ningempa asome kabla ya kukabidhi, angelirekebisha kwa dakika moja. Nilipiga mstari mmoja juu ya sentensi ile kwenye nakala yake, nikaandika iliyo sahihi pembeni, nikaweka tarehe na saini. Ile iliyoko maktaba bado inasema kila mwezi.